Hatulii Juu ya Maji

Jina la Hatulii alipewa na dada yake, enzi walipokuwa bado wanalala kitanda kimoja, kwa sababu alikuwa akigaragara mpaka shuka linaishia sakafuni. Jina likamganda. Kazini walimwandikia kwa kalamu nzito kwenye kofia yake ngumu, na wapangaji wa majengo aliyohudumia wakadhani ni jina la ukoo.

Alikuwa fundi wa lifti. Kwa mtu wa aina yake, hiyo ilikuwa kazi ya ajabu: kutwa yumo ndani ya shimo lisilo na dirisha, anapanda, anashuka, na mwisho wa siku hajafika popote. Labda ndiyo maana akitoka humo hakukaliki. Alikuwa amefuga kuku wa mayai, akawagawa. Alikuwa amejifunza gitaa mpaka kipande cha pili cha wimbo wa kwanza. Alikuwa ameolewa, na ndoa ikavunjika bila ugomvi, mume akisema kuishi naye ni kama kuishi kituo cha mabasi. Siku hiyo Hatulii alicheka, kisha akalia, kisha akapaka rangi sebule nzima.

Baada ya hapo alihamia kwa dada yake, kwenye chumba cha juu. Dada alikuwa mkunga, na shemeji alikuwa na gari la kubebea majeneza. Watani wa mtaani walisema nyumba ile imeshika biashara yote, mmoja anapokea watu, mwingine anawasindikiza. Hatulii alikuwa katikati, akipita mlangoni na buti zake za kazi, akila akiwa amesimama.

"Kaa," dada angesema.

"Nimekaa," angejibu, ameegemea friji.

Siku iliyobadilisha mambo, alikuwa ameitwa kwenye hoteli kando ya ziwa. Lifti ilikuwa imegoma, na wageni wamejaa chini na mabegi yao, wamenuna. Hatulii akapanda kwa ngazi mpaka chumba cha mitambo, juu kabisa, kukagua breki. Chumba hicho kilikuwa na kidirisha chenye wavu. Alipochungulia kupitia hapo, aliona mtu anapita juu ya ziwa bila kugusa maji.

Alifuta wavu kwa kiganja. Mtu yule alikuwa amesimama juu ya ubao, mikononi ameshika bawa kubwa la kitambaa, na ubao wenyewe ulikuwa umenyanyuka hewani kama meza. Chini yake ilionekana nguzo moja nyembamba tu, inayochana maji. Hakukuwa na injini wala kelele. Mtu aligeuka, akarudi, akapotea nyuma ya jengo. Hatulii alisimama pale na spana mkononi mpaka meneja wa hoteli akapiga kelele kutoka chini kwamba kuna bibi harusi amekwama ghorofa ya nne.

Alipomaliza kazi hakurudi ofisini. Alikwenda moja kwa moja ufukweni, na huko, ndani ya kontena lililopakwa rangi ya njano, akamkuta Kocha.

Kocha alikuwa mwanamke mnene mwenye goti bovu, aliyefundisha voliboli mpaka goti lilipokataa. Sasa alifundisha watu kuruka juu ya ziwa. Alimsikiliza Hatulii akibwabwaja, kisha akampindulia ubao mmoja pale mchangani, tumbo juu.

"Usidhani ni uchawi," alisema. "Hii nguzo inazama majini. Huku mwisho kuna bawa jingine, dogo, la chini. Ukipata mwendo, maji yanalisukuma juu, kama upepo unavyoinua ndege. Bawa la mkononi ni la kukupa mwendo tu. Kazi yote iko miguuni."

"Nifundishe."

"Una haraka ya kwenda wapi?"

Hatulii akavua buti.

Kocha alimpa ubao mpana kama mlango, ambao mtu angeweza kuandalia chakula juu yake, na bawa la chini nene, lenye umbo la tumbo la samaki aliyeshiba. Lile nene, alieleza, linanyanyuka hata kwa mwendo mdogo na linamsamehe mtu makosa. Hatulii aliyafanya makosa yote. Alianguka mbele, akaanguka nyuma, akaangukia juu ya bawa la mkononi na kulikumbatia kama mgeni aliyesubiriwa sana. Alirudi nyumbani na maji puani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alilala kama gogo.

Halafu ikaja siku akanyanyuka. Kelele za maji chini ya ubao zilikatika ghafla, na badala yake ukabaki mluzi mdogo, na yeye yuko juu, anakwenda, na hakuna kitu kinachomgusa. Pengine ilikuwa kwa muda wa pumzi chache tu. Alipoanguka alicheka chini ya maji mpaka akapaliwa.

Mtu mwingine angeridhika kwa msimu mzima. Hatulii hakuridhika hata mpaka jioni. Alitaka kwenda mbali zaidi, kasi zaidi, na kugeuka kama yule aliyemwona kidirishani. Ndipo shida ilipoanza, maana kila aliponyanyuka, ubao ulipanda, ukapanda, mwishowe ukamtupa kama farasi aliyeudhika. Hatulii, akiwa fundi, aliona wazi kwamba kosa ni la vifaa.

Akabadilisha ubao, akachukua mdogo. Ukamzamisha hata kabla hajasimama. Akabadilishana na jamaa mmoja daktari wa meno, akapata bawa la chini jembamba na refu, la watu wanaojua, linaloteleza mbali kwa msukumo mdogo. Lilikataa kunyanyuka mpaka upepo uvume kweli, na likinyanyuka halimngoji mtu. Akachukua bawa la mkononi kubwa kupita yote ili kupata nguvu; upepo ulipokuja likamburuta mabega mpaka akashindwa kuinua hata kikombe. Chumba chake kilijaa pampu, nguzo, skrubu na mifuko yenye mchanga.

Kazini mambo nayo yalikuwa hayatulii. Meneja wa kampuni alimwita, akafunga mlango, akamwambia wanataka awe msimamizi wa mafundi. Angekuwa na meza, kiti cha kuzunguka, na kiyoyozi. Hatulii alitazama kile kiti. Alisema atafikiria, na tangu siku hiyo akawa anapita mlango wa nyuma ili asionane na meneja.

Asubuhi moja dada yake alikwenda kufagia nyuma ya friji, akavuta kitu cheusi kirefu chenye makali.

"Hiki ni nini tena?"

"Bawa la chini, dada. Hilo ni jipya, linateleza mbali."

"Na lile la mwezi uliopita?"

"Lile lilikuwa zito kugeuka."

"Na la kabla yake?"

"Lile la wanafunzi."

Dada aliliweka mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto. "Mdogo wangu, hivi vitu vyote vimebadilika. Wewe umebadilika lini?"

Shemeji, aliyekuwa akipiga pasi suti yake nyeusi, alijifanya hasikii.

Hatulii alitoka, na neno lile likamkata maini. Alikuwa anazijua dalili. Gitaa nalo lilikuwa hivi hivi: lilipoanza kuwa gumu, alinunua nyuzi za kila aina, kisha akalitundika. Alitembea kutoka nyumbani mpaka kazini, mwendo wa kukimbia nusu, akihisi kifuani kitu kama nzi ndani ya chupa. Siku nzima ndani ya shimo la lifti alijiuliza ni lini hasa ataanza kusema hana nafasi, upepo umepungua, mgongo unamuuma. Aliogopa kwamba tayari ameanza.

Jioni hiyo alimkuta Kocha anasuuza majaketi ya kuelea.

"Niambie ukweli," alisema. "Mimi siwezi?"

Kocha alisukuma kimashua chake cha mpira chenye injini ndogo, akamwambia aende majini, na akamfuata kwa nyuma akimtazama. Hatulii alinyanyuka, akatupwa. Akanyanyuka, akatupwa. Baada ya mara kadhaa Kocha alizima injini.

"Unatazama miguu yako," alisema. "Unaogopa isitoroke? Tazama kule unakokwenda. Halafu, ukihisi unapanda, unarudisha uzito nyuma. Mguu wa nyuma unaukanyagia kama unazima sigara. Bawa linapanda mpaka linatoka nje ya maji, na likishaonja hewa, kwisha kazi. Mguu wa mbele, bibi. Egemea mbele hata kama roho inakataa."

"Roho inakataa."

"Najua. Tena nguzo umeifunga mbele mno. Isogeze nyuma upana wa kidole. Na hili bawa la mkononi ni la siku ya upepo wa kupuliza mshumaa. Chukua dogo."

"Na la chini?"

"Rudisha lile nene."

"La wanafunzi?"

"Kwani wewe ni nani?"

Hatulii akarudisha lile nene. Alisogeza nguzo nyuma upana wa kidole. Aliegemea mbele mpaka vidole vya mguu vikauma, na macho akayakaza kwenye mnara wa simu ng'ambo ya ziwa. Ubao ulipanda, ukafika mahali, ukakaa. Alikwenda mpaka karibu na maboya ya hoteli, akashuka kwa hiari yake mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Furaha ilikuwepo, lakini chini ya furaha nzi bado alikuwa anazunguka. Alipofika kwenye kontena swali lake la kwanza lilikuwa: "Sasa nini?"

Kocha alicheka mpaka akashika goti. "Sasa tukupeleke ukachoke," alisema.

Msimu ule upepo ulikuwa unavuma kwa urefu wa ziwa, kutoka kwenye mtambo wa kusukuma maji mpaka kwenye gati la kokoto, na ulikuwa unajenga mawimbi marefu, mgongo baada ya mgongo. Waliobobea walianzia mtamboni, wakasukumwa na upepo wa mgongoni, wakamalizia gatini. Kwa safari hiyo ubao mpana haufai. Kocha alimwazima ubao mrefu na mwembamba, wenye pua kama ya mtumbwi, unaokimbia juu ya maji kabla ya kunyanyuka. Na kabla ya kumruhusu kwenda, alimtesa kwa kazi aliyoichukia kuliko zote: kusimama juu ya ubao huo kwenye maji tulivu, bila bawa la mkononi, na kupiga kasia huku na huko kwenye ghuba ndogo kama mtu anayekoroga uji. Hatulii alilalamika kila siku. Kila siku Kocha alitia pamba masikioni.

Ubao ulikuwa mrefu kiasi kwamba haukuingia kwenye gari lolote isipokuwa moja. Siku ya safari, shemeji alifungua mlango wa nyuma wa gari lake, akautelezesha ndani kwa heshima zote kwenye zile reli za jeneza, akafunga mapazia.

"Mteja wangu wa kwanza asiyeliliwa," alisema.

Njiani watu walivua kofia. Mama mmoja alipiga magoti kando ya barabara. Hatulii, kiti cha mbele, alijificha uso, na dada yake, aliyekuwa ameomba ruhusa hospitali ili aje aone kwa macho yake hicho kinachomla mdogo wake, alikuwa akicheka nyuma huku ameshikilia ncha ya ubao isimgonge.

"Shemeji, punguza mwendo," Hatulii alisema. "Marehemu hana haraka."

"Marehemu hana, wewe je? Toka tuondoke unapiga mguu sakafuni."

Pale mtamboni upepo ulikuwa mkali. Shemeji na dada walimwacha, wakatangulia gatini. Hatulii alivaa jaketi la kuelea na kofia ngumu, akafunga kamba mguuni, na Kocha akawasha kimashua nyuma yake. Mwanzo ulikwenda vizuri kupita alivyotarajia. Alinyanyuka, akakumbuka mguu wa mbele, na wimbi la kwanza likampokea. Ilikuwa tofauti kabisa na kwenda kwa nguvu ya mikono. Maji yenyewe yalikuwa yanateremka, na yeye anateremka nayo.

Walikuwa wameshaacha fukwe zote mbili mbali, kabla ya nusu ya njia, aliposikia mlio kama wa puto. Mshono wa bomba la mbele la bawa la mkononi, lile linalojazwa hewa kwa pampu, ulikuwa umepasuka. Kitambaa kikalegea, kikamfunika, na Hatulii akaingia majini.

Alipoibuka, kimashua kilikuwa tayari pembeni.

"Panda," Kocha alisema. "Imetosha kwa leo. Hakuna aibu."

Hatulii alishika ukingo wa mashua. Mawimbi yalimpandisha na kumshusha. Ilikuwa sababu nzuri kuliko zote alizowahi kupata maishani: kifaa kimepasuka, hakuna wa kumlaumu. Angeweza kupanda, kuvikwa taulo, kurudi nyumbani na hadithi. Na alijua, kama anavyojua sauti ya waya wa lifti unaotaka kukatika, kwamba akipanda leo hatarudi tena. Atapanga kurudi, atasema wiki ijayo, na vitu vitakaa nyuma ya friji.

Alilisukuma bawa lililolegea ndani ya mashua.

"Nipe kasia," alisema.

Kocha alitazama ziwa, akalitoa kasia chini ya kiti na kumrushia. "Nipo hapa," alisema. "Ukichoka, nyanyua mkono."

Akasimama, akapiga kasia, akaanguka. Akasimama tena. Mawimbi yalipita chini yake moja baada ya jingine, na yeye anayakimbiza kama mtu aliyeachwa na basi. Mikono ikawaka moto. Alitukana, na tusi likapeperushwa na upepo.

"Unayakimbiza!" Kocha alipiga kelele. "Limeshakupita hilo, liache! Tazama bonde la maji lililo mbele yako, ingia humo, wimbi la nyuma litakuja lenyewe!"

Hatulii alijikaza. Aliacha wimbi zuri lipite, jambo lililomuuma kama kuacha chenji dukani. Akaona bonde mbele, likichimbika. Akapiga kasia kwa nguvu, mara moja, mara mbili, mara kadhaa, pua ya ubao ikainama bondeni, mgongo wa maji nyuma yake ukamwinua, na ule mluzi mdogo ukaanza.

Alikuwa juu. Hakuwa na bawa mikononi, kasia tu, na ziwa lote linashuka mbele yake. Wimbi lilipotaka kumwacha alikunja magoti na kuyanyoosha, akausukuma ubao kwa miguu kama mtoto kwenye bembea, mpaka bonde lingine likamchukua. Aligundua kwamba akishuka moja kwa moja anatumbukia. Akikata kimshazari anabaki na mwendo. Hapakuwa na nafasi ya kufikiri kuhusu meza, kiti cha kuzunguka, wala nzi. Kila bonde lilikuwa na swali lake na alitakiwa kujibu pale pale. Mtu asiyetulia alikuwa amepata mahali ambapo kutulia ndiko kunakoangusha.

Gati la kokoto likaonekana. Akaliona gari jeusi, na watu wawili wadogo wakipunga mikono. Miguu ilikuwa inatetemeka, na alijua alitakiwa kukata kushoto na kushuka. Alitazama gati, akatazama bonde jingine likifunguka mbele, akaingia bondeni.

Dada yake alisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa. Walimwona anakuja, wakapiga vigelegele, kisha wakamwona anapita. "Mbona hasimami?" shemeji aliuliza. "Hajui," dada alisema, na wakarukia gari. Wakamfukuza kwa barabara ya ufukweni, honi inalia, mapazia yanapepea, watu wanavua kofia kwa msiba unaokimbia.

Alifika mwisho wa ziwa, penye matete na tope, kwa sababu hapakuwa na maji zaidi. Alianguka kifudifudi akabaki hapo, anahema. Kimashua cha Kocha kilikwama mbali kidogo. Dada alishuka kwenye gari na viatu vyake vyeupe vya hospitali, akaingia topeni bila kuvitazama.

"Una wazimu!" alipiga kelele. "Nilidhani umekufa! Na gari tulikuwa nalo tayari!"

Hatulii alijaribu kusema, akacheka, akatapika maji, akacheka tena. Dada alimshika kwapani, akamvuta kama anavyowavuta wanaokataa kuzaliwa, wote wawili wakakaa kwenye tope. Dada alikuwa analia kidogo.

"Nilikuona," alisema. "Ulivyokuwa unapita. Sijawahi kukuona hivyo."

"Vipi?"

Dada akamkamua nywele maji.

Wiki iliyofuata Hatulii aliingia kwa mlango wa mbele, akamkuta meneja, na akakataa ile meza. Hakutoa sababu ndefu. Meneja alishangaa, kisha akampa nafasi hiyo kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye hakukawia kumtuma Hatulii kwenye majengo mabovu kuliko yote mjini. Ilimuuma. Kuna siku alikuwa kwenye shimo la lifti, grisi mpaka kwenye nyusi, akajiuliza kama si upumbavu.

Lile bawa jembamba la nyuma ya friji alilirudisha kwa daktari wa meno. Lile nene aliendelea nalo msimu mzima, na msimu ulipogeuka Kocha mwenyewe ndiye aliyemwambia sasa achukue la wastani, jembamba kidogo tu. Alichukua, akarudi kuanguka kama siku ya kwanza.

Usingizi wake haukutengemaa. Bado alikuwa akila amesimama, bado akiamka kabla ya wote kusikiliza mti wa jirani kama unachezeshwa na upepo. Siku hizi anahangaika na kugeuka upande wa kushoto, ambao miguu yake inaukataa kabisa. Kulia anageuka kama mlango uliotiwa mafuta. Kushoto ubao unasita, unainama, na yeye anakwenda majini kichwa mbele. Anaibuka, anatema maji, anavuta ubao kwa kamba ya mguuni, na kabla pumzi haijamrudi ameshapanda tena, macho yakitafuta bonde.